Kosa na Nusura: Lugha ya Kiswahili katika Usalama wa Mgonjwa

Watu husema kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Msemo huu umezoeleka mno hata ugeni wake hauonekani tena. Neno kosa latajwa ndani yake mara nne, wala halina maana moja. La kwanza na la mwisho ni tendo lililokwenda kombo; yale mawili ya katikati ni hatia. Lau tungelishika neno hilo kwa maana moja tu tangu mwanzo hata mwisho, msemo ungejipinga wenyewe na kuwa upuuzi. Msikilizaji wa Kiswahili haoni taabu yo yote, kwa kuwa amezoea kuruka kutoka maana hii hata ile bila ya kujua kwamba ameruka. Walakini kuna mahali ambapo kuruka huko huleta madhara, na makala haya yakusudia kuonyesha mahali pamoja, yaani katika wodi za hospitali na madirisha ya dawa. Huko, tangu miaka ya karibuni, watumishi wanaombwa waseme waziwazi yaliyokwenda kombo ili wengine wajifunze, na neno wanalopewa la kusemea ni hili hili kosa.

Yafaa kwanza tulitazame neno lenyewe. Kitenzi -kosa, kwa asili yake, hakina lawama ndani yake. Mwindaji hukosa mnyama; msafiri hukosa gari; maskini hukosa chakula; na tukisema kwamba fulani hakosi kuja, maana yake atakuja bila shaka. Katika mifano hiyo yote jambo lililotakiwa halikupatikana, basi. Lawama huingia pale neno linapomwelekea mtu mwenzetu au sheria: umenikosea, tumekosana, amefanya kosa la jinai. Nalo jina la mtendaji, mkosaji, limeshikwa kabisa na upande huu wa pili. Hakuna amwitaye mwindaji aliyerudi mikono mitupu mkosaji. Mkosaji ni mtu wa kutubu au wa kufungwa. Hutajwa katika sala na mahakamani. Kwa hiyo mwuguzi akiambiwa aandike taarifa ya kosa, asikialo masikioni mwake ni kwamba aandike ungamo, tena ungamo lenye sahihi yake. Wala hofu hiyo si ya bure, maana Kanuni ya Adhabu ya Tanzania yahesabu matibabu yaliyotolewa kwa uzembe wenye kuhatarisha maisha kuwa kosa, kwa neno lilo hilo.

Mikasa miwili itatuonyesha jambo hili lilivyo. Mnamo Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, walikuwapo wagonjwa wawili waliokuwa na jina moja la kwanza. Mmoja alikuwa na maradhi ya goti, mwenziwe alikuwa na uvimbe katika ubongo. Mwenye goti akapasuliwa kichwa, na mwenye kichwa akapasuliwa goti, na huyo aliyehitaji kutibiwa ubongo akafariki baadaye. Habari hizo zilishtua nchi nzima. Zaidi ya miaka kumi ikapita. Kisha mnamo Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa aliyekuwa na uvimbe wa kichwa usiohitaji kisu akafunguliwa fuvu la kichwa badala ya mwingine aliyekuwa na damu iliyoganda ndani ya ubongo. Madaktari walikwisha kufanya kazi kwa muda wa saa kadhaa ndipo walipotambua kwamba ile damu waliyoitafuta haikuwapo. Watumishi wanne wakasimamishwa kazi, na madaktari wenziwe na yule mpasuaji wakapinga, wakidai kwamba mgonjwa hufika mbele ya kisu baada ya kupita katika mikono mingi, na utambulisho aliovikwa haukuwekwa na mpasuaji.

Katika mikasa yote miwili neno lililotawala magazetini na vinywani mwa watu lilikuwa uzembe. Sisemi kwamba uzembe haupo. Upo, na mgonjwa aliyedhulumiwa kwao ana haki ya kuutaja kwa jina lake. Nasema tu kwamba neno hilo hufunga maulizo mapema mno. Tukishamjua mzembe hatuulizi tena kwa nini wagonjwa wawili walilala wakingojea kisu na kitu cha kuwatenga kikawa ni jina tu, wala kwa nini watu kadhaa waliowapokea mmoja baada ya mwingine hawakupata nafasi ya kuuliza swali moja. Ndiyo maana mkasa wa Dar es Salaam haukuwa funzo Nairobi.

Wataalamu wa mambo haya katika nchi nyingine walifikia rai hiyo kwa njia ndefu. Mwaka 1990 mwanasaikolojia wa Uingereza, James Reason, alitoa kitabu juu ya makosa ya wanadamu, na baadaye akaeleza kwa mfano ulioenea sana jinsi hatari inavyopita katika kinga nyingi, kila moja ikiwa na tundu lake, kama vipande vya jibini ya Uswisi vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Siku matundu yakiwa mstari mmoja, hatari hupenya hata ikamfikia mgonjwa. Mtu wa bara asiyejua jibini ya Uswisi aweza kufikiri juu ya nyua kadhaa za miti zilizozunguka zizi moja. Kila ua una pengo, na fisi hafiki kwa mbuzi mpaka mapengo yote yaelekeane. Atakayemlaumu mlinzi wa ua wa mwisho peke yake atabadilisha mlinzi, na mapengo yatabaki pale pale. Kisha mwaka 1999 Taasisi ya Utabibu ya Marekani ilitoa taarifa iliyokisia kwamba wagonjwa baina ya 44,000 na 98,000 hufa kila mwaka katika hospitali za nchi ile kwa sababu ya makosa ya matibabu. Taarifa hiyo ilipewa jina lililotokana na msemo wa kale wa Ulaya, kwamba kukosa ni ubinadamu. Angalia kwamba hata wao iliwapasa kuanza na msemo wa kuondoa lawama kabla ya kuhesabu maiti.

Katika Tanzania kazi ya kujifunza kwa namna hii imeshika mizizi zaidi katika vifo vya uzazi. Mwongozo wa Wizara wa mwaka 2015 waagiza kwamba kila kifo cha mama kwa sababu ya uzazi kitolewe habari katika muda wa masaa ishirini na manne, kisha kijadiliwe na kamati bila ya kutaja jina wala kulaumu mtu. (Msomaji asikasirike kwa neno masaa, nitalitetea mbele.) Uchunguzi wa taifa wa 2015–16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ulikadiria 104. Hayumkini upungufu huo uwe umetokana na majadiliano peke yake, kwa maana mambo mengi yalibadilika katika miaka hiyo. Lakini kamati hizo ndipo mahali ambapo lugha ya kosa hujaribiwa kila siku, na mwenye elimu ya lugha hana budi kuzisikiliza.

Atasikia nini? Atasikia kwamba Kiswahili, kwa viambishi vya vitenzi vyake, hugawa lawama kabla mtu hajakusudia kuigawa. Mgonjwa alichelewa kufika: hapa aliyechelewa ni mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa alicheleweshwa: hapa yuko mtu mwingine aliyemchelewesha, ijapokuwa hakutajwa, na kila aliyemo chumbani humtafuta kwa macho. Damu ilikosekana: hapa hayupo mtu kabisa, damu yenyewe ndiyo iliyokosekana, kama mvua inavyokosekana. Sentensi tatu, na kila moja yaweza kuelezea usiku ule ule. Wajumbe wa kamati, kwa kuwa wameagizwa wasilaumu, hukimbilia ile ya tatu. Walakini damu haikosekani yenyewe. Yupo wa kuiomba, yupo wa kuipeleka, ipo barafu ya kuitunza, ipo njia ya kupita. Kwa namna hiyo umbo la -ekana, lililo na heshima na upole mwingi, huficha pengo la ua vile vile kama neno uzembe linavyolificha. Mwandishi wa taarifa njema huandika jambo kwa wakati wake: damu iliombwa saa mbili usiku, gari liliondoka saa saba usiku. Hapo hakuna mkosaji wala hakuna kukosekana, na pengo laonekana wazi lilipo.

Hata sasa tumesema juu ya lugha ya kusimulia makosa. Upo upande wa pili ambao, kwa maoni yangu, wawahusu zaidi wasomaji wa jarida hili: makosa yanayozaliwa na lugha yenyewe. Nitatoa mfano kutoka Sibwesa, iliyoko katika mkoa wa Katavi, mkoa ulioundwa mwaka 2012 kutoka Rukwa, katika nchi ambayo zamani iliitwa Mpanda tu. Katika nchi hiyo Kiswahili ni lugha ya kukutania. Wamo Wabende, Wapimbwe na Wakonongo walio wenyeji, Wasukuma waliofuata malisho na mashamba, Wafipa na Waha, na watu wenye asili ya Burundi waliokuja tangu 1972 na kukaa Katumba na Mishamo. Mtumishi wa tiba huenda ametoka mkoa mwingine. Basi agizo la dawa aghalabu hutolewa na mtu ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, kwa mtu ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili.

Nilipokuwa Sibwesa kwa kazi ya kukusanya maneno, nilikaa kwa mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye malaria. Alikuwa amempeleka asubuhi katika kituo kimoja cha tiba, akapewa dawa ya mseto. Dawa hiyo, ambayo Tanzania iliifanya kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2006, humezwa mara sita kwa siku tatu: ya kwanza papo hapo, ya pili baada ya masaa manane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Mtoto alimeza ya kwanza pale kituoni yapata saa nne asubuhi. Nikamwona mama akimpa ya pili saa nane mchana. Nikamwuliza, "Mama, si mapema?" Akanijibu, "Baba, nimeambiwa sasa hivi, halafu saa nane. Nami nimempa saa nane." Saa ya ukutani ilikuwa inamwunga mkono.

Nani aliyekosa? Mtumishi alisema Kiswahili safi. Mama alisikia Kiswahili safi. Saa nane ni muda, na saa nane ni wakati wa siku, na Kiswahili Sanifu kinavyofundishwa hakina namna ya kuvitenga ila kwa kuongeza maneno: kwa muda wa saa nane, baada ya kupita saa nane. Maneno hayo ya kuongeza ndiyo yanayoanguka kwanza palipo na foleni ndefu nje ya mlango. Agizo la kila saa nane ni baya zaidi, kwa kuwa mtu aweza kuelewa kwamba ameze kila ifikapo saa nane, yaani saa nane ya mchana na saa nane ya usiku. Na ambaye haamki usiku atameza mara moja tu.

Sasa nitimize ahadi yangu. Watu wengi, mjini na shambani, husema masaa wakikusudia muda, na saa wakikusudia wakati. Nimengoja masaa manane. Nimefika saa nane. Walimu hulikata neno hili kwa wino mwekundu tangu darasa la kwanza, nasi wenyewe katika vitabu vyetu tumefundisha kwamba saa haina wingi wa ma-. Mimi pia nimelikata mara nyingi. Lakini tuwe wakweli: wasemaji wamejitengenezea, bila ya kuagizwa na baraza lo lote, tofauti ambayo lugha ilikuwa na haja nayo, na sisi tumekuwa tukiwaadhibu kwa hilo. Pale Sibwesa mtumishi aliyesoma vizuri alisema saa nane kwa sababu alijua kwamba masaa ni kosa. Angalikuwa hakusoma vizuri, angalisema baada ya masaa manane, na mtoto angalipata dawa yake jioni. Sidai kwamba kamusi zibadilishwe kesho. Nadai kwamba katika agizo la dawa neno masaa lisikatwe na mtu.

Saa ina mtego mwingine, nao wajulikana zaidi. Karatasi za hospitali hufuata saa ya Kizungu, na 8:00 yao ni saa mbili yetu. Mtumishi husoma kwa namna moja na kusema kwa namna nyingine siku nzima, na kwa kawaida hakosei. Lakini akiwa amechoka huandika juu ya bahasha ya dawa tarakimu ile aliyoiona katika karatasi, na msomaji wa bahasha ni mjukuu aliyefundishwa saa ya Kiswahili na bibi yake.

Neno kutwa nalo lataka kuangaliwa. Kutwa mara tatu ndiyo fomula ya bahasha zetu tangu zamani. Walakini kutwa, kama kitenzi -chwa kinavyoonyesha, ni muda tangu jua kuchomoza hata kuzama. Usiku wake ni kucha, na mwenye kutaka vyote viwili husema kutwa kucha. Basi mtu ashikaye neno kwa maana yake atameza mara tatu kabla jua halijazama, na usiku mzima dawa itakuwa imempungua mwilini. Vijana wa mjini hawasikii tena mpaka huo wa jua katika neno kutwa, lakini wagonjwa wengi si vijana wa mjini. Vile vile 2 x 3 inayoandikwa kwa haraka: shuleni mbili mara tatu ni sita, na bahasha haisemi ni mbili zinazorudiwa mara tatu au ni tatu zinazorudiwa mara mbili. Juu ya kijiko sina haja ya kusema mengi. Kijiko cha dawa ni mililita tano. Kijiko cha nyumbani ni kile kilichopo nyumbani.

Turudi sasa kwa wale wagonjwa wawili wa Muhimbili, kwa kuwa jina nalo ni jambo la lugha. Mwuguzi akisimama mlangoni akiita jina, yule aitikiaye husema naam, au abee akiwa mwanamke. Maneno haya hayathibitishi neno lo lote. Ni adabu ya kuitikia sauti, na mzee mgonjwa aliyelelewa vyema huyasema hata kama hakusikia jina lililoitwa. Mwuguzi akiendelea, "Wewe ndiye fulani?", jibu la eeh laweza kuwa na maana ya nakusikia. Kwa hiyo lile sharti la watu wa usalama, kwamba mgonjwa asiulizwe swali la ndiyo au siyo bali aambiwe, "Nitajie jina lako na la baba yako, na ulichokuja kutibiwa," lina nguvu katika Kiswahili kuliko pengine katika lugha ambayo haina itikio la adabu. Tena watu wazima wengi huitwa kwa majina ya watoto wao, na Mama Fulani huenda asiitikie jina la cheti chake kwa kuwa hajaliitwa tangu alipozaa.

Huko magharibi kuna taabu nyingine. Wasukuma na Wanyamwezi humwita pacha wa kwanza Kulwa na wa pili Doto, na mtoto anayewafuata Shija. Majina haya yameenea kwa majirani wao pia. Sheria ya kutambua mgonjwa kwa alama mbili, kwa mfano jina la baba na tarehe ya kuzaliwa, humtenga kila mtu isipokuwa wale hasa walio rahisi kuchanganywa, maana Kulwa na Doto wana baba mmoja na siku moja, na sura zao huenda ni moja. Katika daftari la zahanati, Kulwa wa nyumba hii na Kulwa wa nyumba ile huonekana mtu mmoja. Atakayeandika mwongozo wa utambulisho kwa ajili ya Katavi na asimwulize Msukuma, ataacha pengo katika ua.

Dawa ya makosa ya jina ilijaribiwa mahali pamoja katika nchi hii. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya mambo kumi na tisa ya kuhakikisha katika upasuaji, na miongoni mwa hospitali nane za dunia zilizoijaribu ilikuwamo ya Ifakara, pamoja na za London, Toronto, Manila na miji mingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: katika hospitali hizo zikijumlishwa, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hata 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hata 7. Jambo la kushangaza kwa mtu wa lugha ni kwamba sehemu kubwa ya orodha hiyo ni maneno ya kusemwa kwa sauti. Kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani, kazi husimama, na mambo hutamkwa: mgonjwa ni nani, anapasuliwa nini, upande gani. Kabla ya kisu kila mmoja hujitaja jina na kazi yake. Ukitazama kwa haraka utaona ni upuuzi, kwa kuwa wote wanajuana. Lakini mwuguzi mdogo aliyekwisha kusikika sauti yake mara moja chumbani haoni taabu kuitoa mara ya pili na kusema, "Daktari, karatasi hii yasema goti." Katika jamii yetu, ambamo mdogo humwamkia mkubwa kwa shikamoo na hamkatizi asemapo, kumfungulia mdogo mlango wa kusema si jambo dogo.

Imebaki kusema juu ya istilahi. Wanaotafsiri miongozo ya usalama wa mgonjwa hutumia kosa kwa karibu kila kitu, kisha huongeza kivumishi. Nadhani hakuna haja. Reason alitenga mkono unaoteleza, akili inayosahau na rai iliyo potofu tangu mwanzo. Kiswahili kina maneno ya hayo tayari. Kuteleza limo katika methali, kwamba kuteleza si kuanguka, na laonyesha vizuri mkono uliochukua chupa ya jirani. (Jina mtelezo ningaliliepuka, maana vijana wamelifanya kuwa jambo rahisi lisilo na taabu.) Kwa kusahau kuna kughafilika, na kuna lile neno zuri zaidi, nilipitiwa, ambalo msemaji hulitumia kukiri jambo bila ya kujishtaki, kana kwamba jambo lenyewe ndilo lililompita. Rai potofu ni kudhani vibaya. Uzembe na ubaki kuwa uzembe, kwa yule ajuaye sharti na kulidharau. Nalo kosa liachiwe mahakama.

Kutoka mzizi ule ule wa -kosa twapata kukosoa, ambalo kwa umbo lake, likilinganishwa na funga na fungua, laonekana kuwa ni kulitengua kosa. Hilo lingalikuwa jina bora la kazi ya kamati. Lakini siasa za miaka ya Ujamaa, pamoja na vikao vyake vya kukosoana na kujikosoa, zimeliachia ladha ya kushutumu, na leo mkosoaji ni mtu atafutaye ila. Silipendekezi, ijapokuwa kwa masikitiko.

Neno ninalolipendekeza kwa nguvu ni nusura. Watu wa usalama husisitiza kwamba funzo kubwa zaidi limo katika mambo yaliyokaribia kudhuru na hayakudhuru, kwa sababu hayo ni mengi, hayana msiba, na mtu huyasimulia bila ya kuogopa. Kiswahili husema nusura aanguke, nusura nimeze. Neno limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni msaada na wokovu. Ndani yake umo ukaribu wa hatari pamoja na kuokoka kwake. Wengine wangechagua chupuchupu, kama katika kuponea chupuchupu, neno lenye uhai zaidi, ila sioni daktari mkuu akiweka sahihi chini ya taarifa ya chupuchupu. Nusura lakubali kuwa jina bila ya taabu: nusura moja, nusura mbili, daftari la nusura.

Jambo la yule mama wa Sibwesa lilikuwa nusura. Mtoto alipona, na kwa kuwa alipona halikuandikwa mahali po pote, na huenda agizo lile lile likatolewa kwa maneno yale yale kwa mwingine siku iliyofuata. Kama daftari hilo lingalikuwapo, maneno yake yangaliweza kuwa haya: Mtoto mwenye malaria alipewa dawa ya pili baada ya masaa manne badala ya manane. Maneno saa nane yalieleweka kuwa ni saa nane mchana. Tangu leo mtumishi aangalie saa, ahesabu mwenyewe, na aandike wakati wa dawa ya pili juu ya bahasha: saa kumi na mbili jioni.